Kirusi Kinachoua na Kirusi Kinachorithiwa: Jinsi Virusi vya Bakteria Vinavyozaliana, na Kwa Nini Jambo Hilo Linamhusu Mkazi wa Simiyu

Mhadhara wa umma, Mkula, mkoani Simiyu



Nimeombwa nizungumzie virusi. Najua neno hili likitajwa, mawazo ya wengi yanakwenda kwenye UKIMWI, kwenye UVIKO-19, au kwenye Marburg iliyotutia hofu kule Kagera. Leo nitaviacha hivyo vyote. Nazungumzia virusi visivyo na habari na binadamu, wala ng'ombe, wala pamba. Vinawinda bakteria tu. Wataalamu huviita bakteriofaji, na kwa kifupi faji.

Mtu anaweza kuuliza: kama havina habari nasi, sisi tunavitafutia nini? Jibu langu ni kipindupindu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyopigwa na ugonjwa huo. Bakteria wa kipindupindu mnamjua kwa sifa. Kuna jambo moja kumhusu ambalo halisemwi sana kwenye vipaza sauti vya gari la afya: sumu anayotuulia hakuzaliwa nayo. Aliipata kwa kirusi. Na katika maji yaleyale anamopita bakteria huyo, kuna virusi vingine ambavyo kazi yao ni kumpasua afe.

Hoja yangu leo ni moja, na nitairudia hadi mwisho. Ukitaka kujua kama kirusi cha bakteria kinakufaa au kinakudhuru, usiulize jina lake wala ukubwa wake. Uliza kinazaliana vipi.

1. Maji ya ziwa kwenye sahani

Chota kijiko kimoja cha maji ya Ghuba ya Speke. Kwa kawaida maji ya ziwa huwa na mamilioni ya virusi katika kila mililita, na sehemu kubwa ya virusi hivyo ni faji. Makadirio yanayokubalika na wengi yanasema faji zote duniani ni kama moja ikifuatwa na sifuri 31. Hakuna kundi la viumbe linalozifikia kwa wingi.

Hazionekani kwa jicho, wala kwa hadubini ya kawaida ya zahanati. Faji iitwayo T4, ambayo nitaieleza kwa kirefu, ina urefu wa nanomita 200 hivi. Ukizipanga 5,000 katika mstari mmoja ndipo unapata milimita moja. Bakteria inayemwinda, Escherichia koli wa utumboni mwetu, ni mrefu kuliko yenyewe kama mara kumi.

Basi watu walizijuaje kabla ya hadubini za elektroni? Mwaka 1896 Mwingereza Ernest Hankin, akiwa India, aliona kwamba maji ya mito ya Ganges na Yamuna yana kitu kinachoua bakteria wa kipindupindu, na kwamba kitu hicho hupotea maji yakichemshwa. Hakujua ni nini. Mwaka 1915 Frederick Twort wa London aliona makundi ya bakteria yakiyeyuka kwenye sahani zake. Mwaka 1917 Félix d'Hérelle, akifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, ndiye aliyetamka wazi kwamba hicho ni kirusi kinachoishi kwa kula bakteria, naye ndiye aliyekipa jina la bakteriofaji.

Njia yake ya kukitafuta tunaitumia hadi leo. Maji ya ziwa hupitishwa kwenye kichujio chenye vitundu vya mikromita 0.22, ambavyo bakteria hapiti lakini faji inapita. Maji yaliyochujwa huchanganywa na bakteria hai pamoja na agari laini iliyo vuguvugu, yakamiminwa kwenye sahani ya petri, na sahani ikawekwa kwenye inkubeta ya nyuzi 37 usiku kucha. Asubuhi bakteria wameota sahani nzima, utando mmoja mweupe uliofifia. Kama kulikuwa na faji, utando huo una madoa. Kila doa lilianza na faji moja iliyomwangukia bakteria mmoja, ikazaliana ndani yake, na watoto wake wakawaingia majirani.

Naomba wanafunzi wasogee hapa kidogo kwa mawazo, kwa sababu jambo lenyewe lipo kwenye madoa hayo. Yapo yaliyo wazi kabisa: ukiweka gazeti chini ya sahani, unasoma herufi kupitia doa. Na yapo yenye ukungu katikati, ambamo baadhi ya bakteria wameota tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Doa la wazi na doa la ukungu ni namna mbili za kuzaliana, na kwa macho yako, bila mashine yoyote ya gharama, unaweza kuzitofautisha.

2. Dakika ishirini na tano

Tuanze na doa la wazi, yaani na T4.

Kirusi hakina mdomo, hakili, hakipumui, na hakigawanyiki mara mbili kama afanyavyo bakteria. Nje ya seli ni kifurushi tu: kichwa cha protini chenye DNA ndani, mkia, na nyuzi za mkia zilizo kama miguu. Sisi watu wa pamba tunaweza kuielewa biashara yake haraka. Mtu anaingia kwenye jineri usiku, hagusi mashine wala hafukuzi mfanyakazi, anabadili karatasi ya oda tu. Kesho yake umeme ni uleule, mikono ni ileile, lakini mzigo unaotoka mlangoni ni wake.

Angalia saa. Dakika ya sifuri: nyuzi ndefu za mkia zinagusa ngozi ya bakteria na kutambua molekuli zilizoko juu yake. Mguso huu wa kwanza unaweza kuachia. Nyuzi nyingi zikishika kwa pamoja, nyuzi fupi hukunjuka na kufunga kabisa. Hapo hakuna kurudi nyuma. Kitako cha mkia hubadili umbo, ala ya mkia hujikaza ikafupika, na bomba lililo ndani husukumwa kupenya utando wa nje. Kwenye ncha ya bomba kuna kimeng'enya kinachotoboa ukuta wa seli. DNA inaingia. Ganda linabaki nje.

Kwamba kinachoingia ni DNA, na ganda hubaki nje, kulithibitishwa mwaka 1952 na Alfred Hershey na Martha Chase huko Marekani. Walitia alama ya mionzi, fosforasi kwa ajili ya DNA na salfa kwa ajili ya protini, wakaacha faji zishike bakteria, kisha wakawatikisa kwa nguvu kwenye blenda ya kawaida ya jikoni ili maganda yabanduke. Fosforasi ilikutwa ndani ya bakteria, na sehemu kubwa ya salfa ikakutwa nje. Jaribio hilo ndilo lililowashawishi wengi kwamba urithi wa viumbe umeandikwa kwenye DNA. Sehemu kubwa ya biolojia ya jeni tunayoifundisha sekondari ilipita kwenye mlango wa virusi hivi.

Dakika ya kwanza: mashine ya bakteria inayosoma jeni inaanza kusoma jeni za kirusi. Zinazosomwa mwanzo ni zile za kuteka: protini za kuzima jeni za mwenyeji na vimeng'enya vya kukatakata DNA yake. Hapa kuna ujanja wa kutazamwa kwa karibu. Herufi moja ya DNA, sitosini, T4 huiandika kwa namna yake, imeongezewa kijikundi cha kemikali. Vimeng'enya vyake hukata DNA yenye sitosini ya kawaida na kuiacha ile yenye alama. Kwa hiyo kinasambaratisha DNA ya mwenyeji, kinaokota vipande, na kwa vipande hivyohivyo kinajijengea nakala zake.

Kufikia dakika ya tano au ya sita DNA ya kirusi imeanza kunakiliwa kwa kasi. Kisha jeni za mwisho zinafunguliwa, zile za kutengeneza vichwa, mikia na nyuzi. Robert Edgar na William Wood walionyesha mwaka 1966 kwamba viungo hivi huundwa katika mistari mitatu inayojitegemea: vichwa upande wake, mikia upande wake, nyuzi upande wake. Kichwa kikiwa tayari, mota ndogo ya protini mlangoni pake husukuma DNA ndani, na katika vipimo vya maabara imefikia kasi ya karibu jozi 2,000 za herufi kwa sekunde. T4 ina jozi karibu 169,000. Kichwa kikijaa, mkia unaunganishwa, halafu nyuzi.

Mmarekani August Doermann aliwahi kupasua bakteria makusudi katika dakika za mwanzo baada ya kuambukizwa. Hakukuta kirusi hata kimoja chenye uwezo wa kuambukiza, hata kile kilichoingia. Kirusi kinapozaliana hupotea kwanza. Kinabaki maelekezo tu, hadi sehemu zitakapounganishwa upya. Bakteria mama akigawanyika, unaweza kumnyooshea kidole kila wakati. Kirusi hakina mama wa kumnyooshea kidole.

Karibu na dakika ya 25 kazi inakwisha. Protini ndogo zilizokuwa zikijikusanya kwenye utando wa ndani hufungua matundu ghafla, kimeng'enya kinachokula ukuta wa seli kinapita, na bakteria anapasuka. Zinatoka faji mia moja, mia mbili, wakati mwingine zaidi.

Emory Ellis na Max Delbrück walipochora jambo hili mwaka 1939 huko California, grafu yao ilipanda kwa ngazi: kimya, kisha ruka; kimya, kisha ruka. Piga hesabu mwenyewe. Bakteria akigawanyika kila dakika 20, baada ya saa moja wapo wanane. Faji inayotoa watoto 100 kila mzunguko, baada ya mizunguko mitatu, saa moja na robo tu, inafika milioni moja, maadamu bakteria wapo. Na hilo la mwisho ndilo tatizo lake. Anayeua kila mwenyeji anayemwingia hana pa kulala kesho wenyeji wakiadimika. Ndiyo maana virusi vingine vimeshika njia tofauti.

3. Kirusi kinachokaa

Doa lenye ukungu limetokana na njia hiyo ya pili.

Mwaka 1950 André Lwoff wa Taasisi ya Pasteur alichukua bakteria mmoja aliyejulikana kuwa wa ukoo wenye faji, akamtazama chini ya hadubini akigawanyika, kizazi baada ya kizazi. Hakuna kilichopasuka, na hakuna faji iliyokutwa kwenye maji yake. Lakini alipowamulika bakteria wa ukoo huo kwa mwanga wa urujuanimno, karibu wote walipasuka na faji zikamwagika. Kirusi kilikuwamo muda wote, kimelala.

Mfano uliochunguzwa kuliko yote ni faji lambda, iliyogunduliwa na Esther Lederberg huko Marekani na kutangazwa mwaka 1951. DNA ya lambda ikiingia ndani ya seli hujikunja duara. Kisha kuna njia panda. Inaweza kuzaliana na kupasua kama T4. Au kimeng'enya chake kinaweza kuikata kromosomu ya bakteria mahali maalumu na kuichomeka DNA ya kirusi humo. Ikishachomekwa, protini moja, kizuizi, hukaa juu ya jeni za kuua na kuzizima. Tangu hapo kila bakteria anapogawanyika, anakinakili kirusi pamoja na DNA yake mwenyewe. Kirusi kinazaliana bila kutengeneza hata kichwa kimoja.

Na kizuizi hichohicho huzima faji nyingine ya jamii ileile ikijaribu kuingia. Ndiyo sababu ya ukungu: waliomo katikati ya doa ni bakteria waliokwisha kukaliwa, hawauliki tena na kirusi hicho.

Makubaliano haya yanadumu mwenyeji akiwa salama. DNA yake ikiharibiwa, kwa mionzi au kwa baadhi ya dawa, seli hupiga kengele yake ya hatari, na kengele hiyo husababisha kizuizi kujikata. Jeni za kuua zinaamka, na ndani ya muda mfupi kirusi kimeondoka kwenye nyumba inayobomoka.

Sasa fuateni hatua inayofuata kwa makini. Kirusi kinachoua kina faida moja tu ya kutafuta kwa mwenyeji, nayo ni watoto wengi kabla ya kifo. Kirusi kinachorithiwa kinashinda kila mara mwenyeji wake anapostawi. Kikimletea mwenyeji jeni inayomsaidia kuishi au kusambaa, kimejisaidia chenyewe. Hapo ndipo virusi hivi vinapoanza kutuhusu kwa ubaya.

Mama zangu mnaopeleka watoto kliniki mnaijua chanjo ya Penta. Moja ya magonjwa matano inayoyakinga ni dondakoo. Mwaka 1951 Victor Freeman, huko Marekani, alionyesha kwamba bakteria wa dondakoo asiye na sumu hugeuka kuwa na sumu akiingiliwa na faji. Jeni ya sumu imo ndani ya kirusi. Bakteria asiye nacho anaweza kukaa kooni mwa mtoto bila kuleta madhara yale.

4. Sumu ya kipindupindu ilikotoka

Kwa kipindupindu, sumu yenyewe ilitambuliwa na Sambhu Nath De, mtafiti wa Kolkata, mwaka 1959. Jeni zake mbili zilikuja kujulikana baadaye. Ila ni mwaka 1996 tu ndipo Matthew Waldor na John Mekalanos wa Marekani walipotangaza kwamba jeni hizo mbili ni mali ya faji, inayoitwa CTX.

Faji hii haifanani na T4. Ni uzi mwembamba, wenye DNA ya ukanda mmoja na herufi zisizofika 7,000. Mlango wake wa kuingilia ni vinyweleo fulani ambavyo bakteria wa kipindupindu huviota, na vinyweleo hivyo ndivyo anavyovihitaji ili kustawi ndani ya utumbo wa binadamu. Yaani bakteria anavaa mlango wa kirusi pale tu anapojiandaa kutushambulia. DNA ikishaingia, haina hata kimeng'enya chake cha kujichomeka. Inatumia vyombo vya bakteria mwenyewe, vile anavyotumia kutenganisha kromosomu zake anapogawanyika.

Kutoka kwake ndiko kunakonishangaza zaidi. CTX haipasui seli. Nyuzi mpya hutoka moja moja, bakteria akiendelea kuishi na kugawanyika. Na tundu zinakopitia ni lilelile ambalo bakteria hulitumia kuitoa sumu ya kipindupindu nje. Kirusi na sumu yake vinapita mlango mmoja.

Sumu hiyo ina vipande sita. Vitano vya aina moja hushika ngozi ya seli ya utumbo. Cha sita huingia ndani na kuwasha ishara isiyozimika. Seli inaanza kumwaga chumvi, na maji yanaifuata chumvi. Mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Njia ya kufyonza sukari pamoja na chumvi, kwa bahati, haiharibiwi na sumu hii, na ndiyo maana pakiti ya ORS inaokoa mtu ambaye bado anaharisha.

Kirusi kinafaidika nini na kuhara kwetu? Kinasafiri. Bakteria wanaotoka kwa mgonjwa mmoja huhesabiwa kwa mabilioni, na ndani ya kila mmoja wao kirusi kimekaa kwenye kromosomu, kikielekea kwenye mto, kisima, lambo, na mgonjwa mwingine.

Majini wapo bakteria wengi wa jamii ya Vibrio kolera wasio na jeni hizi. Hao hawaanzishi mlipuko. Ndiyo maana maabara haimalizi kazi kwa kumtaja bakteria. Inatafuta jeni ya sumu. Na uchambuzi wa DNA uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wimbi la sasa la kipindupindu, lililoanza Indonesia mwaka 1961 na kufika Afrika mwaka 1970, limeingia barani mwetu kutoka Asia angalau mara 11. Ugonjwa uliingia kwa safari za watu, na kirusi kikiwa ndani ya bakteria. Mlipuko uliotupata Tanzania kuanzia Agosti 2015 hadi mwanzoni mwa 2018 uliwapata zaidi ya watu 33,000 na kuua zaidi ya 500.

5. Anayemwinda mwuaji

Sasa upande wa pili. Mwaka 2011 Kimberley Seed, Andrew Camilli na wenzao walieleza faji zilizokutwa kwenye vinyesi vya wagonjwa wa kipindupindu huko Dhaka, Bangladesh. Mojawapo, ICP1, ilionekana tena na tena katika sampuli zilizokusanywa kwa miaka kumi. ICP1 ni ya doa la wazi. Inashika sukari zilizoko juu ya ngozi ya bakteria wa kipindupindu, inaingia, inavunja kromosomu yake, na ndani ya dakika 20 hivi imempasua.

Bakteria hakukaa kusubiri. Baadhi ya koo zake zimebeba kipande cha DNA kinachoitwa PLE, ambacho hulala mpaka ICP1 iingie. Hapo kinaamka, kinajinakili, kinateka vichwa ambavyo ICP1 inajitengenezea na kujipakia humo chenyewe, kisha kinaharakisha seli kupasuka. Bakteria huyo anakufa, lakini hakuna ICP1 inayotoka, na majirani zake wanapona. Mwaka 2013 Seed na wenzake wakatangaza jibu la ICP1: baadhi ya faji hizi zimebeba mfumo wa CRISPR, ambao kwa kawaida ni kinga ya bakteria dhidi ya virusi, nazo zinautumia kuikatakata PLE. Silaha imebadilisha mikono.

Vita hivi si vya Bangladesh peke yake. Mwaka 2014 watafiti wa Kenya, wakiwamo Alice Maina na Samuel Kariuki, pamoja na wenzao wa Uingereza, walichapisha maelezo ya faji za Vibrio kolera walizozitenga kutoka maji ya upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Ziwa ni moja. Anayeua bakteria wa kipindupindu anaishi kwenye maji tunayochangia na majirani zetu.

6. Je, tunaweza kumtumia?

D'Hérelle mwenyewe aliwatibu wagonjwa wa kuhara damu mjini Paris mwaka 1919, na baadaye akaenda India kujaribu faji kwa kipindupindu. Mwaka 1923 ikaanzishwa huko Tbilisi, Georgia, taasisi ya Eliava inayotengeneza faji hadi leo. Kwingineko antibiotiki zilipokuja, faji zilisahaulika. Sasa usugu wa vimelea dhidi ya dawa umetulazimisha kuzikumbuka. Katika Chuo Kikuu cha Makerere kuna kundi la Jesca Nakavuma linalochunguza faji, na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI mjini Nairobi inazitafutia kazi dhidi ya salmonela wa kuku. Mwaka 2017 maabara ya Camilli ilionyesha kwamba mchanganyiko wa faji tatu za ICP, ukitolewa kabla ya maambukizi, unawakinga panya wachanga na sungura wachanga dhidi ya kipindupindu.

Nina mambo matatu ya kuweka wazi kabla ya mtu yeyote kutoka hapa na chupa.

La kwanza: faji ya tiba lazima iwe imethibitishwa kuwa ya kuua. Doa la wazi kwenye sahani ni mwanzo tu. DNA yake yote isomwe, ihakikishwe haina kimeng'enya cha kujichomeka wala jeni ya sumu. Ukimpa mgonjwa faji ya aina ya kurithiwa, unaweza kumkuta bakteria amepata kinga badala ya kifo, au ameongezewa silaha.

La pili: faji huchagua. Inayoua bakteria wa kipindupindu haimgusi wa homa ya matumbo, na mara nyingi haiwagusi hata bakteria wote wa jamii moja. Wanaobadili molekuli inayoshikwa na nyuzi hawashikiki tena. Kwa hiyo hutumika mchanganyiko, na hupimwa kwanza kwa bakteria wa mgonjwa wa mahali hapo.

La tatu, nalo ndilo ninaloliogopa: asitokee mtu akasema mtaalamu kasema maji ya ziwa ni dawa. Maji ya Ganges aliyoyapima Hankin huenda yalikuwa na faji, na watu wa kandokando yake waliendelea kufa kwa kipindupindu. Faji hufika bakteria wakishakuwa wengi, na bakteria wakishakuwa wengi, wewe umeshaugua. Chemsha maji, au tia dawa ya klorini. Klorini itaua bakteria na faji pamoja, na hasara hiyo tuikubali.

Niongeze na neno kuhusu maduka ya dawa muhimu. Wapo bakteria wa aina ya Escherichia koli ambao sumu yao ya kuharisha damu imo kwenye faji iliyolala. Antibiotiki inayoharibu DNA ya bakteria, mfano siprofloksasini, inaweza kuiamsha faji hiyo, na sumu ikaongezeka. Kuna kuhara damu kwingine, kwa bakteria wa shigela, ambako dawa hiyo inaweza kuwa ndiyo tiba. Dalili zinafanana, kirusi kilichomo ndani kinatofautisha. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya, na kinyesi chake kipimwe.

7. Hitimisho

Nimesema tangu mwanzo kwamba swali la kuuliza ni kirusi kinazaliana vipi. T4 na ICP1 huzaliana kwa kuua, na hivyo zinaweza kuwa upande wetu. Lambda na faji ya dondakoo huzaliana kwa kurithiwa. CTX hufanya yote mawili, kurithiwa na kutoka polepole, bila kumdhuru mwenyeji, na bei ya makubaliano hayo tunailipa sisi.

Kutokana na hayo napendekeza mambo matatu. Mosi, maabara zetu zinapopokea sampuli za kipindupindu kutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa, zisiishie kumtenga bakteria. Zitenge na faji zilizomo kwenye kinyesi hichohicho, zisome DNA zao na kuzihifadhi. Hazina hiyo haiwezi kununuliwa nje, kwa sababu faji inayofaa ni ile iliyozoea bakteria wa hapa. Pili, jaribio la sahani na madoa lifundishwe sekondari, kwa bakteria asiye na madhara na chini ya usimamizi. Halihitaji mashine kubwa, na mwanafunzi analiona jibu kwa macho yake. Tatu, wakati utafiti huo unaendelea, fedha ya kwanza iende kwenye maji na vyoo. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika wilaya za Simiyu, unaosaidiwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi na benki ya KfW ya Ujerumani, utatuepusha na kipindupindu kingi zaidi kuliko faji yoyote nitakayowahi kuitenga.

Nasema hivyo nikiwa mtu anayezipenda faji. CTX ilifanikiwa duniani kwa sababu ilipata njia ya kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine kupitia maji. Choo kizuri na bomba la maji safi vinaikatia njia hiyo, na ikikatiwa njia, jeni zake za sumu hazina mtu wa kumfikia.